Kabla ya kusema waifai imekufa, tafuta swichi

Vijana wenzangu, na nyinyi mnaotuhudumia kwenye mashirika,

Hapa Kigali laptopu zetu nyingi ni za mtumba. Zingine tumepewa, zingine tumenunua mjini, na tunaziwekea Linux kwa sababu Windows mpya inazilemea. Sawa kabisa. Linux ni ya bure, na mashine ya 2009 bado inapumua nayo.

Kinachoniudhi ni hiki: waifai isipoonekana, mtu anasema Linux ni mbaya. Anaipeleka kwa fundi, fundi anafuta kila kitu, anaweka Windows ya wizi, na waifai bado haishiki. Pesa imeenda, mafaili yameenda, na fomu ya ufadhili wa masomo inafungwa saa sita usiku.

Mara nyingi ni kitu cha kusukuma kwa kidole tu. ThinkPad za enzi ya X200 na T400 zina swichi ndogo kwenye ukingo. HP nyingi za zamani zina kitufe chenye taa: ikiwaka rangi ya chungwa, waifai imezimwa. Huenda mwenye nayo wa kwanza aliizima akasahau.

Fungua terminali uandike rfkill list. Ukiona Soft blocked: yes, ni programu imefunga. Andika sudo rfkill unblock wifi, itafunguka. Ukiona Hard blocked: yes, acha kuandika amri, mlango umefungwa kwa komeo la chuma. Tafuta hiyo swichi. Na kama mashine haina swichi yoyote? Imetokea kwa Lenovo IdeaPad kadhaa: moduli ya Linux inadhani kuna swichi iliyozimwa, kumbe haipo. Hapo jaribu sudo modprobe -r ideapad_laptop.

Kadi isipoonekana kabisa kwenye orodha, andika lspci -nn usome jina lake. Likiwa Broadcom, vuta pumzi. Kadi nyingi za Broadcom hazifanyi kazi bila draiva au faili la kuziamsha, na hayo mara nyingi hayaji na mfumo. Debian 12 ya mwaka 2023 ilianza kuleta faili nyingi za namna hiyo kwenye diski yake, lakini za kadi za zamani za Broadcom bado unazitafuta mwenyewe. Kwenye Ubuntu, kadi nyingi zinataka bcmwl-kernel-source. Sasa unaambiwa uipakue kutoka intaneti, na intaneti ndiyo huna! Chomeka simu kwa kebo ya USB, washa kugawa intaneti kwa USB, laptopu itapita humo bila kuhitaji waifai.

Lakini hapo inatakiwa simu nzuri na bando, na si kila kijana anavyo. Ndiyo maana nawageukia ndugu zetu wa mashirika. Ripoti zenu zinahesabu laptopu zilizogawiwa. Hesabuni pia zilizoshika waifai siku ileile, mbele ya mwenye nazo. Kuijaribu moja haichukui hata dakika tano. Na ile yenye kadi korofi, ipeni kidude cha waifai cha USB ambacho Linux inakijua, kabla haijapanda gari kwenda Mahama au Kiziba. Huko kumpata fundi si kama kushuka Nyabugogo.

Mwenye mashine iliyogoma aandike hapa chini aina yake na kile rfkill list imeonyesha. Tutaisoma pamoja.