Hako Kandege ka Elfu Arobaini Hakatakufunza Sarakasi

Wasee, hii itaudhi watu. Kila wiki kuna mtu anaingia DM yangu na picha ya ndege ya redio, mara nyingi ni mfano wa zile za Vita vya Pili vya Dunia, Mustang ama Spitfire, rangi safi, magurudumu yanajikunja, ndani kuna jairo ya kuituliza hewani. Bei ni elfu thelathini na kitu, zingine hata arobaini. Swali huwa moja: naeza anza sarakasi na hii? Alafu kwa magrupu utapata wazee wa mchezo wakimjibu, "Kijana, usiharakishe. Weka akiba, nunua kitu ya maana. Hizo za kukata na kubandika ni za watoto."

Nimechoka na hilo jibu. Linasikika kama hekima lakini kazi yake ni kufukuza watu. Msee wa miaka 18 anayeishi Umoja ama Githurai, anayepata ganji yake kidogo kidogo, akiambiwa asubiri mpaka afikishe elfu arobaini, atasubiri mwaka mzima, atapeleka ndege uwanjani Jumapili moja, na kabla ya saa tano asubuhi hobi imeisha. Sibuni. Kuna jamaa wangu alifanya hivyo hivyo. Mara ya tatu kuirusha alijaribu kuibiringisha akiwa chini sana, pua ikaingia kwa murram, na spea ya bawa ikawa haipatikani hapa nchini. Iko juu ya kabati mpaka leo. Yeye mwenyewe hajawahi rudi uwanjani.

Msimamo wangu ni huu: kama bajeti ni ndogo na unachotaka ni sarakasi, mwili wa ndege ndio kitu cha mwisho cha kutupia doo. Ukate mwenyewe kwa foamu bodi, zile za kubandikia project za shule. Doo ipeleke kwa redio, kwa betri na kwa masaa ya mazoezi. Sarakasi hufunzwa kwa kuanguka. Hakuna mtu aliyejifunza kuning'iniza ndege kwa propela bila kuivunja, na ukiwa umelipa elfu arobaini hutathubutu kuishusha chini mahali mchezo wenyewe uko. Utazunguka uwanja juu juu kama unapeleka mtoto kliniki.

Wacha tuelewane kwanza ndege ya sarakasi ni gani. Ndege ya wanaoanza kawaida ina bawa lililo bapa chini na limeumuka juu, na mabawa yameinuka kidogo kama V. Umbo hilo lina kazi yake: ukiachilia vidole, ndege inajinyoosha yenyewe. Ni tamu ukiwa mgeni. Ila ukitaka kuigeuza tumbo juu, umbo lile lile linapigana na wewe, kwa sababu kila saa linataka kurudi lilivyokuwa. Ndege ya sarakasi ni kinyume. Bawa liko katikati ya mwili, halina V, na sura yake ya juu na ya chini ni moja, kwa hivyo ikiwa kichwa chini inaruka karibu sawa na ikiwa kawaida. Haijinyooshi. Unavyoiacha ndivyo inakaa. Hiyo ndiyo tabia unalipia. Sasa niambie, kuna kitu kinafanana juu na chini kuliko bodi bapa ya milimita tano?

Mfano wa ndege ya vita hauko huku wala huko. Bawa ni dogo ukilinganisha na uzito, na ncha zake ni nyembamba, kwa hivyo ukivuta eleveta ukiwa mwendo wa chini, upande mmoja unaacha kubeba kabla ya mwingine na ndege inalala ubavu ghafla. Jairo inaficha tabia hiyo mpaka siku inashindwa kuificha. Siko against jairo, lakini kwa mtu anayejifunza sarakasi ni kama kufunzwa kuogelea ukiwa umevaa jaketi la kuelea. Na zile za chaneli tatu, zisizo na aileroni kwa bawa, hata tusiongee.

Alafu kuna kitu hao wasee wa YouTube hawatakuambia, na si ubaya wao, wanarusha ndege zao Florida, karibu na bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina uzito wa kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Propela kazi yake ni kusukuma hewa, kwa hivyo hewa ikipungua uzito, nguvu ya kuvuta ndege inapungua karibu kwa kiwango hicho hicho. Bawa nalo linalalia hewa, kwa hivyo ndege ile ile inahitaji kasi zaidi, kama asilimia 8 ama 9, ndio isidondoke. Eldoret, mita 2,100 hivi, ni mbaya zaidi. Mtu wa Nyali anaeza amini hizo video vile zilivyo. Wewe wa Kasarani toa asilimia 15 kwanza.

Fanya hesabu na kitu tunachojua sote. Ile mota ya A2212 ya 1000KV, ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi amewahi kuiona kwa project ya droni, ikipewa betri ya seli tatu na propela ya inchi 10, inavuta kama gramu 800 ukiwa usawa wa bahari. Nairobi weka 680. Sasa chukua ndege ya dukani ya gramu 700. Ufuoni inaeza simama wima kwa propela, kwa shida. Hapa haiwezi kabisa, hata ufungulie mota yote, kwa sababu nguvu ni ndogo kuliko uzito wake. Chukua ya foamu bodi ya gramu 450. Mia sita na themanini kwa mia nne hamsini, hiyo ni mara moja na nusu. Hapo unaning'inia, unapanda wima, na bado una akiba ya kutoroka ukikosea. Mota ni ile ile, mji ni ule ule. Kilichobadilika ni uzito, na uzito hauuziwi, unaupunguza na kisu.

(Ukiwa huku juu unaeza pia ongeza propela inchi moja, kwa sababu hewa nyepesi haiilemei mota sana. Lakini guza mota baada ya dakika mbili. Ikikuchoma kidole, rudi kwa ile ndogo.)

Kuijenga si maajabu. Bawa la sentimita 85 hivi, upana wa kama 25. Mwili ni vipande viwili vya bodi vinavyokatana kama msalaba, kimoja kimesimama, kingine kimelala. Mchoro unapata bure mtandaoni, tafuta mfano wa Extra 300, Edge 540 ama Yak 54, zilizochorwa kwa bodi bapa. Karatasi ya upande mmoja unaibandua ukilowesha na maji, gramu zinashuka. Usibandue pande zote mbili, bodi italegea kama chapati. Bawa linataka kitu cha kulikaza: fito ya kaboni ukiipata, ama vijiti vya mishkaki vilivyopangwa na gundi ya moto, na seloteipu ya mizigo kwa ukingo wa mbele. Aileroni zichukue urefu wote wa bawa. Eleveta na usukani wa mkia ziwe kubwa mpaka uone zimezidi. Kwa ndege ya kawaida zingekuwa kichekesho, lakini ndege ikiwa imesimama kwa propela hakuna upepo mwingine wa kuigeuza isipokuwa ule propela inarusha nyuma, na unahitaji kipande kikubwa cha kuushika.

Mahali pa kuwa mkali na wewe mwenyewe ni mizani. Inua ndege na vidole viwili chini ya bawa, karibu theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Ikilala sawa ama ikiinamisha pua kidogo, twende. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Usirushe ndege yenye mkia mzito ukiomba Mungu, Mungu ameshakupa vidole.

Sasa doo. Tuseme una elfu ishirini. Bei zinapanda na kushuka kila mwezi, kwa hivyo shika mgao, usishike shilingi. Kama elfu nane ningeweka kwa redio na risiva yake. Kama sita na nusu kwa betri tatu na chaja. Elfu nne inatosha mota, ESC ya kudhibiti mwendo wake, na servo nne za gramu tisa, hizi utazunguka nazo Luthuli na maduka ya elektroniki ukilinganisha. Kinachobaki, elfu moja na nusu, ni bodi, gundi, visu na propela za ziada. Umeona? Kitu kinachoanguka ndicho cha bei ya chini kabisa. Ukivunja mwili, unakata mwingine jioni moja na vyote vya ndani vinahama.

Redio ndiyo usiifanyie ubahili. Zile zinazokuja kwa boksi moja na ndege ya dukani nyingi zinaongea na hiyo ndege tu, ndege ikifa redio inakuwa toi. Tafuta ya chaneli sita kwenda juu, inayokumbuka ndege zaidi ya moja, na inayokuruhusu kubadilisha kiasi cha mwendo wa servo kwa swichi. FlySky FS-i6 imefunza watu wengi dunia hii. RadioMaster Pocket ni ya kisasa zaidi, na ina kitu kimoja ninakipenda: unaichomeka kwa kompyuta na waya wa USB inakuwa kidhibiti cha simuleta.

Na simuleta ndio nusu ya hii hobi, hata kama haipigi picha poa. PicaSim ni ya bure. Keti na hiyo wiki tatu kabla ya kukata bodi ya kwanza. Jifunze vitu viwili. Ndege ikija kukuelekea, kushoto na kulia zinabadilishana. Ikiwa tumbo juu, unasukuma eleveta ili ipande, hauvuti. Mkono ukishazoea hayo bila kufikiria, umeokoa ndege tano. Mtu akikuambia simuleta ni michezo ya watoto, muulize alivunja ngapi kabla ya kuning'inia.

Betri tatu si anasa. Moja ya seli tatu, 1000 hadi 1300mAh, inakupa kama dakika saba za kucheza kwa nguvu. Umepanda matatu saa nzima mpaka uwanjani na ndege imekubana magotini, alafu unaruka dakika saba unarudi nyumbani? Hapana. Hesabu doo yako kwa dakika za hewani. Elfu mbili ya betri ya pili inakununulia dakika saba kila Jumamosi. Elfu mbili ya stika na magurudumu yanayojikunja haikununulii hata sekunde. Na tafadhali, LiPo haichajiwi ukiwa umelala. Kila seli inaishia volti 4.2, hakuna kuongeza, na betri iliyovimba haina second chance.

Najua jibu mtakalonipa: foamu bodi ni nyepesi, upepo utaibeba. Ni kweli. Saa nane mchana Nairobi upepo ukianza, mimi nakunja. Rusha saa moja asubuhi ama jioni jua likishuka. Pia ni kweli kwamba ndege ya mbao za balsa inachora pindu la duara safi kuliko hii, na bodi ikinyeshewa inakunywa maji. Siku unajua kuning'inia, kuruka kwa ubavu na kutua tumbo juu karibu na nyasi bila moyo kusimama, nenda kanunue ya balsa. Pengine utaipata kwa mtu anayeuza yake ya juu ya kabati.

Kuhusu sheria sitazungusha. Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani za mwaka 2020, na msimamizi ni KCAA. Waulize kabla hujarusha ujue mfano wako uko wapi kwa hizo kanuni. Wilson, JKIA na Eastleigh ziko ndani ya mji huu huu, na rubani wa ndege ya abiria hataki kukutana na Yak yako ya bodi. Chagua uwanja ulio mbali nazo na usio na watoto wanaocheza. Ukijaribu mota nyumbani toa propela kwanza, ya inchi 10 haijui tofauti ya kidole na hewa.

Kitu kimoja nataka kutoka kwenu. Bodi za mtaani hazina uzito mmoja, kuna zingine ni nzito hadi mtu anashindwa kufika gramu 450. Kama unajua stationery ya Nakuru, Kisumu ama Eldoret inayouza zile nyepesi, taja mtaa na bei. Kuna wasee huko wameshapakua mchoro na wanangoja bodi tu.