Tulipewa dipome ya biolojia, mikroskopi hatukupewa

Ndugu zetu, kaka na dada wa Katuku, wa Dav, wa Kamkolobondo, wa Lukuga na kwingine kote wenye munatusoma ku telefone,

Leo tunaanza na kuungama. Kisha tutashitaki.

Sisi wenye tunaandika maneno haya tuko na dipome ya biolojia. Ndani ya kitabu chetu cha mwisho, kile tulitetea mbele ya wakubwa tukiwa tumevaa suti ya kuazima, kuko neno moja lenye linarudi kila ukurasa: "tuliona". Tuliona seli ya kitunguu. Tuliona mayai ya minyoo. Tuliona vijidudu vya maji.

Wenzetu, hatukuona. Asistanti alichora kitunguu ku ubao na chaki, sisi tukachora vile alichora. Ku mutihani ulizo lilikuwa: "Eleza vile uliona." Tukaeleza. Tukapata 14 juu ya 20, tukapiga makofi, tukamwagiwa unga ku kichwa, wazazi wakalia kwa furaha. Wazazi hawakujua kama wanalilia picha ya chaki.

Labo ilikuwako, tusiseme uongo mara ya pili. Kulikuwa mlango, kulikuwa kufuli, kulikuwa karatasi yenye imeandikwa "Labo ya biolojia". Ndani kulikuwa mikroskopi tatu. Ya kwanza taa yake ilikufa. Ya pili ilikuwa na ukungu ku lensi. Ya tatu ilifungiwa ndani ya kabati, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Miaka yote ya masomo tulitazama ndani ya mikroskopi mara mbili, sekunde chache kila mtu, kwa mstari, kama watu wenye wanangoja maji ku bomba. Lakini feza ya labo tulilipa kila mwaka. Risiti tunazo mpaka leo.

Hatutaji jina la chuo, juu shida haiko ya chuo kimoja. Wenye walisoma kemia, wenye walisoma kilimo, wenye wako ku banki leo asubui, wote watajitambua hapa.

Sasa mutatuuliza: mikroskopi inaleta mukate ku meza? Kalemie iko na shida ya barabara, ya umeme, ya usalama, na nyinyi munalilia vioo? Tujibu pole pole.

Tazameni mbele yenu. Lile ziwa lina urefu wa kwenda chini wa mita 1.470. Ku dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, kule Urusi, lenye linalipita. Ndani ya Tanganyika kuko aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya siklidi, na karibu zote haziko mahali pengine popote. Kijana wa Ulaya anazifuga ndani ya sanduku ya kioo sebuleni kwao, anazijua majina ya Kilatini moja moja. Sisi wenye tulizaliwa mita chache na maji tunazijua ndani ya sahani, na ugali.

Kati ya mwaka 1946 na 1947 Wabeleji walileta hapa ujumbe mukubwa wa kuchunguza ziwa. Matokeo yake yalichapishwa Bruxelles, kitabu juu ya kitabu. Ule mgebuka wenye mama anauzisha ku soko, ku vitabu unaitwa Lates stappersii, jina la daktari Mubeleji, Louis Stappers. Hatumuchukii Stappers, alifanya kazi yake. Ulizo letu ni hili: zaidi ya miaka 60 kisha uhuru, ni samaki gani ya ziwa hili inabeba jina la mtoto wa Kalemie? Wazee walisema: penye miti hapana wajenzi. Hapa penye samaki, wenye kuzisoma wanatoka mbali.

Na haiko mambo ya majina tu. Iko mambo ya tumbo.

Kila muvuvi wa hapa anajua kama ndakala zimepunguka. Mwaka 2003 wataalamu waliandika ku gazeti la sayansi Nature kama joto la dunia linapasha maji ya juu ya ziwa. Maji ya juu yakipata joto, hayachanganyike vizuri na maji ya chini. Chakula cha mimea midogo kinabaki chini kwenye giza, ile mimea inapunguka, vidudu vyenye vinaikula vinapunguka, na ndakala zenye zinakula vile vidudu zinapunguka. Waliona kama mazao ya ile mimea yalishuka pengine asilimia 20, na wakakadiri kama samaki inaweza kushuka asilimia 30. Kisha kuko nyavu za matundu madogo, kuko watu wengi ku maji. Yote pamoja.

Juu ya ile, inchi za ziwa zikaanza kusema mambo ya kufunga uvuvi miezi mitatu. Tanzania ilifunga upande wake kutoka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa munane 2024. Pengine ni vizuri. Lakini muvuvi wa hapa akituuliza: "Juu ya nini ile miezi, haiko mingine? Ndakala inaweka mayai wakati gani hapa upande wetu?", sisi watu wa biolojia tunatazama chini. Kigoma, ng'ambo, kuko kituo cha TAFIRI chenye kinachunguza samaki. Uvira kuko kituo cha utafiti wa maji, CRH. Sisi tuko kichwa cha jimbo, mahali Lukuga inatoka, mlango peke yake wenye maji ya ziwa inatokea, na hatuwezi kumujibu baba mwenye ametulipia masomo na hizo ndakala.

Mwaka 2022 Kinshasa ilitia ku mnada mitaa 27 ya petroli. Zingine zilikuwa upande wetu wa Tanganyika. Ule mnada ulifutwa mwaka 2024, lakini tamaa haikufutwa. Siku kampuni itarudi na karatasi yenye inasema "maji haitaharibika", nani wa hapa atapima maji mbele ya kuchimba, ili kisha tuweze kusema "haikukuwa hivi"? Mtu bila kipimo anabakia na kelele tu. Na kelele, munajua vile wanaijibu.

Kisha kipindupindu. Hapa kwetu haiko mugeni, watafiti wanahesabu Kalemie kati ya miji ya kando ya maziwa mahali ule ugonjwa unalala na unaamuka tena. Ku darasa tulifundishwa namna ya kuutambua: unaotesha choo cha mugonjwa ku chakula cha TCBS, unangoja siku moja, na vijidudu vinatoka na rangi ya manjano. Tulikariri "TCBS". Tulikariri "manjano". Ile manjano hatukuiona hata siku moja.

Mama jirani alibisha hodi kwa mmoja wetu na bido ya maji. "Mwanangu, weye ulisoma mambo ya vijidudu. Haya maji iko muzuri?" Mwenzetu akajibu: "Mama, uichemshe tu." Mama akashukuru, akaenda. Mtoto wa darasa la tatu angejibu vile vile. Miaka mitano ya minerivali, na jibu ni ile moja.

Wengine wanasema sayansi ni ya Wazungu, sisi hatuwezi. Hapana. Mwaka 1976 Ebola ilitokea Yambuku. Daktari Jean-Jacques Muyembe alienda kule, na damu ya mugonjwa ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya termosi, juu hapa hakukuwa labo ya kutambua ile virusi. Mwaka 1984 INRB ikaanzishwa Kinshasa. Mwaka 1995 Ebola ikapiga Kikwit, na kutoka damu ya mtu mwenye aliponea kule kukatoka dawa, Ebanga, ile Marekani ilikubali mwaka 2020. Kati ya ile termosi na ile dawa kuko nini? Kuko labo, kuko watu wenye walifundishwa na mikono yao, kuko miaka ya kazi. Akili Wakongomani walikuwa nayo tangu zamani.

Tunajua vile watatujibu. Tuwajibu mbele.

Watasema: "Feza haiko, inchi iko na vita." Sawa. Sasa mwaka 1865 padri mmoja Mwitalia, Angelo Secchi, alitumia kitu cha kupima namna maji ni safi: sahani nyeupe ya mviringo na kamba. Unaishusha mpaka haionekane, unasoma mita ku kamba, unaandika. Mpaka leo wataalamu wa maziwa wanaitumia. Sahani na kamba! Ziwa liko mwendo wa miguu. Miaka yote hakuna siku moja walitushusha ziwani na sahani na kamba. Ile haiko vita, na haiko umaskini. Ile ni kutojali.

Watasema: "Muende Lubumbashi ao Kisangani kufanya master." Kwa feza ya nani? Gari moshi ni siku na siku, ndege ni feza yenye mtoto wa muvuvi hana. Na wenye wanapata bahati ya kwenda, wengi hawarudi. Wanarudi ku nini? Ku lile kabati lenye limefungwa?

Watasema: "Hawa ni vijana bila kazi, wanatafuta kazi tu." Ndiyo. Tunatafuta kazi, hatuna haya. Lakini tangazo la kazi ya labo likitoka linaomba "uzoefu wa labo miaka miwili". Tunasoma, tunazima telefone, tunarudi kuuzisha mayunite. Dipome iko ndani ya plastiki chini ya kitanda, isilowe na mvua.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilifungua mlango wa mfumo wa LMD. Ku LMD kredi inahesabu darasa, inahesabu mazoezi, inahesabu kazi ya mwanafunzi peke yake. Kredi ya mazoezi bila mazoezi ni sheki bila feza ku banki. Na mwenye anatia sahihi ku sheki ya namna ile, ku mji wote anaitwa muwizi. Ku chuo anaitwa mwalimu mukuu.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba mchana, kwa jina letu:

Moja. Hesabu ya feza ya labo ya miaka mitano ya nyuma ibandikwe ku ukuta: iliingia ngapi, ilinunua nini, kile kitu kiko wapi.

Mbili. Mwanafunzi asipewe pointi za mazoezi yenye hayakufanyika. Heri ziro ya kweli kuliko 14 ya chaki.

Tatu. Vyuo vifanye mapatano na malabo yenye iko: ya mahospitali ya mji, na CRH ya Uvira, ili kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho afanye kazi mule wiki kadhaa.

Ine. Jimbo la Tanganyika, lenye liko jimbo tangu 2015, litie ndani ya bajeti yake masomo ya master ya biolojia ya ziwa, hapa Kalemie. Waheshimiwa deputé wa jimbo, ziwa liko ku jina la jimbo lenu. Liingie na ku bajeti.

Tano. Mtafiti wa kigeni akikuja, karibu sana. Lakini kijana wa hapa awe ndani ya kazi yake, asiwe wa kubeba sanduku peke yake, na vipimo viache nakala hapa.

Hatutangoje majibu tukiwa tumekaa. Siku ya posho inayokuja, saa moja ya asubui, tutakuwa kando ya ziwa na sahani nyeupe, kamba yenye alama, kipima-joto na daftari. Tutapima, tutaandika, na kila mwezi tutatangaza hapa. Baba wavuvi wamekubali kutupeleka na mtumbwi. Mwenye ako na risiti ya labo, ya mwaka wowote, ailete: tutazipiga picha, tutafuta majina, tutazipeleka ku chuo na barua, kwa amani, mikono mitupu.

Na mara hii, tukiandika "tuliona", itakuwa kweli.

Sisi vijana raia wa Kalemie