Wakubwa wa ICCN wakigombania kiti, Upemba ndiyo inaumia

Sisi watu wa Tenke tunajua treni ya Bukama. Hapa kwetu ndipo reli inagawanyika: mukono moja unaenda Kolwezi, mwingine unashuka Bukama, kule kunatoka samaki ya maziwa ya Upemba. Samaki ile tunaikula na bukari jioni, tukitoka mu shimo. Kwa hiyo parke ya Upemba, iliyowekwa tangu 1939, si mambo ya watalii tu. Ni mambo ya sufuria yetu.

Parke ile iko mu mikono ya ICCN, kazi ya Leta. Na pale juu, kiti hakitulii. Cosma Wilungula aliongoza tangu 2005. Mwaka 2021 waziri Ève Bazaiba akamusimamisha. Akawekwa Olivier Mushiete. Naye 2023 akaondoka. Mwezi wa 8 mwaka ule ule, Marekani ikamukataza Wilungula na viongozi wengine wawili kuingia kwake, ikisema walikula rushwa na kutumia karatasi za uongo juu ya kuuzisha sokwe, gorila na okapi inje.

Hayo ni mashitaka. Kuhukumu ni kazi ya tribinali. Lakini siye tunauliza: mukubwa akisimamishwa, juu ya nini raiya haonyeshwe hesabu?

Mu karieri tunamujua shefu wa namna ile. Alipata kazi juu ya ndugu yake, hajashika nyundo hata siku moja. Akifika, anafukuza watu wa shefu wa zamani, analeta wake. Shimo ikianguka, yeye haiko mule ndani.

Mulinzi wa Upemba ni vile vile. Mwaka 2004 Maï-Maï walivamia stesheni ya Lusinga, wakaua watu. Bunduki haiulizi DG ni nani.

Lakini watu wa kazi wako. Rodrigue Katembo alipinga watu wa petroli kule Virunga. Mwaka 2013 akafungwa, akateswa, hakuuza parke. Kisha akaja kuongoza Upemba. Ule alitoka mu pori, hakutoka mu barza ya waziri.

Wadepite wetu wa Lubudi, muko Kinshasa juu yetu. Ombeni mambo mbili: DG achaguliwe juu ya kazi aliyofanya, na anayeondolewa hesabu yake isomwe wazi. Kama ana kosa, ahukumiwe. Kama hana, jina lake lisafishwe. Bila vile, tutabadilisha DG kila mwaka, na siku moja treni ya Bukama itafika Tenke na vikapo bule.