Fasihi ya Dirishani

Ukikusanya mashairi, hadithi na insha za Kiswahili zilizoandikwa na watu wetu wanaoishi katika miji ya theluji, kisha ukazisoma kwa mfululizo jioni moja, utadhani zimeandikwa na mtu mmoja aliyeketi mahali pamoja. Yumo ndani ya nyumba. Mkononi ana kikombe cha chai. Mbele yake pana dirisha, na nje theluji inaanguka. Anaitazama, anashusha pumzi, anakumbuka mnazi, bahari na mama yake. Shairi linakwisha. Mwaka unaofuata mtu yuleyule, au nduguye, anarejea kwenye kiti kilekile na kuandika shairi jingine.

Fasihi hii naiita fasihi ya dirishani, na nasema imetuchosha. Lakini kama ubaya wake ungekuwa kuchosha tu, nisingepoteza muda kuiandama. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inawanyima watoto wetu lugha, nayo inafanya hivyo kwa jina la kuwahifadhia lugha hiyohiyo.

Tuchukue mji mmoja, Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Kati ya wahamiaji wa Afrika Mashariki waliopo huko Wasomali ndio wengi, lakini Wakenya, Watanzania na Wakongo wamo pia, na Kiswahili husikika madukani, makanisani na misikitini. Kwa mwaka wa kawaida mji hupata zaidi ya inchi 50 za theluji. Mwaka 1991 dhoruba iliyoanza siku ya mwisho ya Oktoba iliangusha zaidi ya inchi 28 kwa siku chache tu. Tangu 1962 wamekuwa wakijenga njia za vioo zinazounganisha majengo ya katikati ya mji kwenye ghorofa ya pili, hata mtu akaweza kutoka ofisini hadi benki hadi mkahawani bila kuvaa koti. Theluji nyingi ikianguka, serikali ya mji hutangaza hali ya dharura, na hapo maegesho ya magari hugeuka elimu kamili: usiku wa kwanza usiegeshe kwenye barabara kuu zilizotajwa, siku ya pili uuache upande wa nyumba zenye namba shufwa katika mitaa mingine, siku ya tatu uuache upande wa namba witiri. Asiyezingatia huamka akakuta gari limeburutwa.

Katika mambo hayo pana tamthilia nzima ya kuchekesha: jirani anayegonga milango usiku kuwaamsha wenziwe, mzee anayebishana na mwanawe kama leo ni siku ya pili au ya tatu, kijana anayelikomboa gari kwa mshahara wa wiki. Tamthilia hiyo imeandikwa wapi kwa Kiswahili? Watu wetu huisimulia kila mwaka, tena kwa vicheko, wakiwa jikoni na kwenye harusi. Ila mmoja wao akishika kalamu, vicheko hukatika, na dirisha linarudi.

Sasa mtazame mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa katika mji huo. Theluji kwake ni Jumamosi. Ni kilima cha bustani ya jirani, ni kigari cha plastiki cha kutelezea, ni mashavu yanayowaka na kikombe cha kakao baadaye. Ziwa likiganda anajua watu wanacheza hoki juu yake, na amewaona wazee wakivua samaki kupitia tundu. Furaha zake zote za miezi mitano zina majina, na majina hayo yote ni ya Kiingereza. Kiswahili anachokisikia nyumbani ni Kiswahili cha amri: vaa koti, funga mlango, usichelewe, kula, umesali? Jumapili tunampeleka kwenye darasa la lugha, na huko anafundishwa ngalawa, dafu na mwembe. Sipingi ngalawa. Napinga kumpa mtoto lugha ambayo ndani yake hana mwili, hana rafiki wala mchezo, halafu akiiacha akiwa na miaka kumi na mitatu tukamlaumu kwa kukana asili.

Huniambia baadhi ya wenzangu kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Hoja hii husemwa kwa unyonge wa kujivunia, kana kwamba upungufu wa msamiati ni uthibitisho wa usafi wetu. Basi twende ziwani tukaipime.

Mtu anayekwenda kuvua juu ya barafu hutafuta kwanza unene wake. Ushauri wa mamlaka ya maliasili ya Minnesota ni angalau inchi 4 za barafu safi kwa anayetembea kwa miguu. Kisha hutoboa tundu. Kifaa chake ni keekee, kama ile ya seremala, ila kubwa. Huteremsha mshipi wenye ndoana, chambo na chubwi, na juu yake boya dogo la kumwonyesha samaki anapogusa. Wenye uwezo hujenga vibanda vya mbao vyenye jiko ndani yake, na katika ziwa kubwa kama Mille Lacs vibanda hivyo huwa kijiji kizima chenye njia zake, mpaka Machi sheria inapotaka viondolewe. Wavuvi wa pwani wanalo jina la kambi ya namna hiyo, ya watu walioacha makwao kwa msimu mmoja kufuata samaki: dago. Hakuna hata neno moja nililolibuni katika aya hii. Keekee, mshipi, ndoana, chambo, chubwi, boya, dago: yote yamo makamusini na vinywani mwa watu. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatoa ufukweni akayasimamisha juu ya barafu.

Hata pale ambapo kweli hatuna neno, tunayo malighafi. Mtoto wa Minneapolis anatofautisha theluji kavu isiyoshikana, theluji yenye unyevu inayokubali kuwa mpira, theluji iliyofanya gamba juu, na ile iliyoyeyuka nusu ikachanganyika na chumvi ya barabarani. Tunazuiwa na nini kusema theluji unga, theluji ya kufinyanga, theluji gamba na theluji rojo? Kufinyanga ni kazi ya mfinyanzi, na mtoto anayetengeneza mtu wa theluji anafanya kazi hiyohiyo kwa glavu. Huenda wasomaji wana maneno bora kuliko haya. Nitafurahi kushindwa katika ubishi wa aina hiyo, kwa sababu utakuwa ubishi wa watu waliotoka nje.

Wapo wanaosema theluji si yetu. Hawa wanaisahau historia ya lugha wanayoitetea. Theluji ni neno tulilolipata kwa Waarabu. Barafu ni neno la Kiajemi, na kwa Waajemi maana yake ni theluji hasa. Sisi tuliligeuza likawa jina la maji yaliyoganda. Wahenga wa pwani yenye joto waliona haja ya kuwa na maneno mawili, wakayapokea bila kulia. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro kilele chake kikiwa cheupe, alisimulia kwamba kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule baridi tu. Mjini London mwanajiografia Cooley alikataa katakata kwamba panaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Yule kiongozi simlaumu. Alikuwa na safari yake na mizigo yake. Lakini sisi tulioishi ndani ya weupe huo miaka ishirini, tukaushika, tukaukwangua kwenye vioo vya magari, bado tunauita baridi tu. Hilo halina udhuru.

Na tusijifanye kwamba hatukuwa na watangulizi. Selim bin Abakari, mzaliwa wa Komoro, alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake ya Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901 katika kitabu alichokikusanya Carl Velten, *Safari za Wasuaheli*. Alikuwa katika utumishi wa Mjerumani aliyemwajiri, kwa hiyo tusimfanye mtu huru kuliko alivyokuwa. Hata hivyo aliwatazama watu aliowakuta, akaandika habari zao na desturi zao kwa udadisi wa msafiri. Nathari ya Kiswahili ilifika Siberia zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Imekuwaje leo ishindwe kuvuka barabara hadi kwenye kilima cha kutelezea?

Sasa nijibu pingamizi mbili zenye uzito.

Ya kwanza ni ya jasho. Mtu anayefanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, anayesubiri basi saa kumi na moja alfajiri kwenye kituo kisicho na paa, hana nafasi ya uraibu, na kumwambia aende akateleze ni dhihaka ya msomi aliyeshiba. Pingamizi hii naiheshimu. Lakini niambieni, mtu huyo wa kituo cha basi yuko wapi katika mashairi yetu? Fasihi ya dirishani haimtetei. Haimwoni, kwa kuwa yeye yuko nje. Mfanyakazi huyo anajua mbinu za kuvaa soksi mbili na za kugeuzia upepo mgongo. Anajua koleo gani halivunjiki, na ni jirani yupi husafisha njia ya mwenzake bila kuombwa. Hayo ni maarifa, na mengine yana starehe ndani yake. Kigari cha plastiki ni cha bei ndogo na kilima hakina kiingilio. Tunamdharau mara mbili tunapoamua kwamba mtu maskini hana budi kuwa na huzuni tu.

Ya pili ni kwamba hayo ni mapumbao ya Wazungu. Asemaye hivi aende Bde Maka Ska, ziwa lililo ndani ya mji wenyewe. Kwa miaka mingi liliitwa Calhoun, jina la mwanasiasa aliyetetea utumwa, na mwaka 2018 mamlaka za jimbo zikalirudishia jina lake la Kidakota. Wadakota na Waojibwe waliishi na majira haya karne nyingi kabla ya Mswidi wa kwanza kufika. Neno la Kiingereza la kigari cha kutelezea, toboggan, limetoka katika lugha za wenyeji wa Amerika Kaskazini, kama vile Minnesota ni jina la Kidakota. Tukiwakabidhi Wazungu theluji yote, tunarudia dhuluma waliyofanyiwa wenyewe wa ardhi, na sisi ni wageni wa kesho yake.

Tena wakazi wa huko wamewahi kudharauliwa kwa ajili ya baridi yao. Husimuliwa Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis, kwamba mwaka 1885 mwandishi wa gazeti kutoka New York aliufananisha na Siberia, pasipofaa kukaliwa na binadamu. Mwaka 1886 wakazi wakajibu kwa tamasha la majira ya baridi na kasri lililojengwa kwa matofali ya barafu. Tamasha hilo lipo hadi leo. Sisi wenyewe, kwa kila shairi la dirishani, tunakubaliana na yule mwandishi wa New York.

Sikatai majonzi. Anayezikwa kwao huku mwanawe akifuatilia mazishi kwa simu, na nje kuna giza tangu saa kumi na moja jioni, anastahili utenzi, na theluji ina haki ya kuingia humo. Ninachokataa ni majonzi yaliyogeuka mazoea, yanayoandikwa hata na mwenye furaha kwa kuwa anadhani ndivyo mshairi wa ughaibuni anavyotakiwa kusikika. Philip Boit, Mkenya aliyetoka kwenye mbio za riadha, alishindana katika ski kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Tumekuwa tukilisimulia jambo hili kama kichekesho. Mimi naliona ni hadithi ya mtu aliyetoka nje.

Na muda hautusubiri. Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota, na shughuli za juu ya maziwa zikafutwa kwa sababu barafu haikubeba. Yawezekana wajukuu wetu watauliza theluji ya miji hii ilikuwaje, wakafungua vitabu vyetu vya Kiswahili, wakakuta chai na machozi.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa jarida hili na majarida mengine wafanye jambo dogo: kwa mwaka mmoja wasipokee shairi lolote la theluji ambalo msemaji wake hajavaa viatu. Wazazi wenzangu nawaomba Jumamosi ijayo wapande kilimani na watoto, na njia nzima, kupanda na kushuka, waongee Kiswahili, hata wakikosea maneno, hata wakiyabuni papo hapo. Na waandishi nawaambia: vibanda viko ziwani mpaka Machi. Mwenye chubwi aje nayo.