Uhakiki Ulioachwa Mlangoni: Rashi, Jalalayni na Duksi ya Buna

Limezoeleka katika idara za fasihi dai kwamba uhakiki ulizaliwa Ugiriki, ukalelewa Ulaya, kisha ukaletwa Afrika Mashariki pamoja na chuo kikuu. Kwa mujibu wa dai hili, mwanafunzi atokaye Buna, kaskazini ya Wajir, huingia darasani akiwa hajapata kuhakiki chochote. Dai hili ni potofu, na madhara yake hayaishii katika nadharia.

Mwanafunzi aliyepitia duksi, kisha akahudhuria darsa ya tafsiri msikitini, amesikia aya ikisomwa kwa Kiarabu na sheikh akiifafanua neno kwa neno kwa Kisomali au Kiborana. Miongoni mwa vitabu mashuhuri vya darsa hizo ni Tafsiri ya Jalalayni, kazi ya al-Mahalli (aliyefariki 1459) iliyokamilishwa na al-Suyuti (aliyefariki 1505). Katika Sura ya Yusuf, aya ya 26, anatokea shahidi wa jamaa za yule mwanamke, naye anashauri kanzu ichunguzwe imechanwa upande gani. Shahidi huyu hatajwi jina. Jalalayni inasema ni binamu yake, kisha inaongeza kuwa imepokewa kwamba alikuwa mtoto wa susuni. Hizi ni hadithi mbili. Akiwa mtu mzima, kisa kinahusu akili na ushahidi; akiwa mtoto mchanga, kinahusu muujiza. Anayepima kauli hizo mbili anahakiki.

Wafafanuzi wa Kiyahudi wa zama za kati walikabili pengo kama hilo katika kisa hicho hicho. Torati husomwa kwa mafungu ya kila wiki, na fungu liitwalo Vayeshev (Mwanzo 37–40) lina mtu asiye na jina anayemkuta Yusufu akipotea kondeni na kumwelekeza waliko nduguze. Rashi wa Troyes (1040–1105) alisema ni malaika Jibrili, akitoa hoja kutoka Kitabu cha Danieli, ambamo Jibrili huitwa "mtu". Abraham Ibn Ezra, mzaliwa wa Tudela, alishikilia maana ya wazi: ni mpita njia tu. Nahmanides (1194–1270) aliona kwamba Mungu alimwandalia Yusufu kiongozi asiyejua kuwa ametumwa, na kwamba kisa hakikusimuliwa bure. Hapa pana ushahidi wa matini, pana mabishano ya mbinu, na pana swali la kazi ya mhusika mdogo katika msuko. Ni lipi kati ya haya lisilo uhakiki?

Watetezi wa dai la kwanza hujibu kwamba mfafanuzi huanza na imani, hivyo hawezi kuikosoa matini. Ni kweli kwamba Rashi hakuuliza kama Mwanzo imeandikwa vizuri. Lakini imani haikumzuia Ibn Ezra kumpinga, wala haikumzuia Nahmanides kuwapita wote wawili. Isitoshe, insha nyingi za wanafunzi zinazoitwa uhakiki hazikosoi matini pia: huorodhesha dhamira, zikataja tamathali, zikafunga. Kipimo kinachomtoa sheikh nje ya uhakiki kinazitoa na insha hizo.

Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na fasihi simulizi ya Kiafrika iwekwe katika kitovu cha masomo. Fasihi simulizi iliingia. Uhakiki simulizi ukaachwa mlangoni. Msimulizi alikubaliwa kuwa msanii, lakini mfafanuzi hakukubaliwa kuwa mhakiki.

Anayeumia ni mwanafunzi wa Buna. Anafundishwa, kama jambo geni, kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza, ilhali alilisikia hilo kabla ya kujua kuandika insha. Asipoambiwa kwamba ndilo lile lile, ataacha elimu yake langoni mwa chuo na kukariri ya wengine. Idara inayotaka wahakiki, badala ya wakariri, haina budi kuiweka Jalalayni mezani, na Rashi kando yake, kisha imwulize mwanafunzi huyo: shahidi ni nani, na kwa hoja gani?