Acheni kuidharau sare

Kila Somerset na Surrey zinapokaribia kukutana katika ligi ya kriketi ya kaunti za Uingereza, mashabiki wetu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huuliza swali lile lile: siku nne za nini, kisha mtoke sare? Kijana anayekesha na IPL, ligi ya India ya ova 20, hadi ova ya mwisho atakwambia huo ni mchezo wa wastaafu waliokosa kazi. Imani hiyo imeenea mno, lakini haina ukweli. Naipinga kwa sababu inawanyima watu wanaoipenda kriketi sehemu tamu kuliko zote za kriketi yenyewe.

Tuanze na hizo hizo timu mbili. Septemba 2024 zilikutana Taunton, nyumbani kwa Somerset, Surrey wakitetea ubingwa na Somerset wakiwafukuza kwenye msimamo. Somerset walipiga 317, Surrey wakajibu kwa 321. Kila timu imeshapiga zamu moja, tofauti ni mikimbio 4. Shakib Al Hasan, nyota wa Bangladesh aliyeletwa na Surrey kwa mechi hiyo moja, alichukua wiketi 9 katika zamu mbili. Tom Banton wa Somerset, aliyepata 132 zamu ya kwanza, aliumia kifundo cha mguu, na bado akaingia kupiga zamu ya pili akichechemea. Somerset wakafika 224. Surrey wakabaki na kazi ya kutafuta 221 siku ya mwisho.

Jioni ilipofika Surrey walikuwa na 95 kwa wiketi 3. Hesabu ya kawaida ilisema sare: muda ungekwisha kabla ya wiketi zote kuanguka. Hapo ndipo wengi wetu tungezima simu. Warushaji wawili wa mipira ya kuzunguka, Jack Leach na Archie Vaughan aliyekuwa na miaka 18 tu, waliwabomoa: wiketi 7 zikaanguka kwa mikimbio 14, Surrey wakaisha kwa 109, zikiwa zimebaki dakika chache mchezo ufungwe. Wawili hao waligawana wiketi za zamu hiyo tano kwa tano. Ipo picha ya mwisho wa mechi hiyo iliyozunguka dunia nzima: wachezaji wote wa Somerset wamemzunguka mpigaji mmoja, mikono chini, magoti yamekunjwa, karibu kiasi kwamba angeweza kusikia pumzi zao. Mtazame mpigaji yule. Hatafuti mkimbio hata mmoja. Anachotaka ni kubaki hai.

Basi niambieni, bila sare picha hiyo ingetoka wapi? Katika kriketi ya ova 20 mpigaji anayezuia mipira tu anaiua timu yake. Katika siku nne anaweza kuiokoa. Sare humpa aliyelemewa kitu cha kupigania hadi mwisho, nayo humlazimisha aliye mbele kuziangusha wiketi zote badala ya kukaa juu ya mikimbio yake akisubiri saa. Iondoe sare na ile saa ya mwisho ya Taunton inakufa, kwa maana Surrey wangebaki wakifukuza hesabu ambayo kila mtu ameshaona haifikiki.

Na sare yenyewe inaweza kuamua kombe. Mwaka 2019, pale pale Taunton, Somerset walihitaji kuifunga Essex ili wapate ubingwa ambao hawajawahi kuupata tangu klabu ianzishwe mwaka 1875. Mvua ikala sehemu kubwa ya mechi. Somerset walihangaika na muda uliobaki hadi mwisho, Essex wakasimama imara, ikawa sare, na kombe likaenda Essex. Marcus Trescothick, aliyekuwa anastaafu baada ya kuitumikia Somerset maisha yake yote ya kriketi, aliingia dakika za mwisho kama mchezaji wa akiba wa kudaka. Uwanja mzima ulimpigia makofi, huku ubingwa ukiwa umeshaponyoka.

Sikatai kwamba zipo sare za kuchosha. Mwaka 2025 Surrey walipiga 820 dhidi ya Durham pale Oval, uwanja wao wa nyumbani, Dom Sibley peke yake akipata 305, na mechi haikupata mshindi. Lakini msiilaumu sare. Msimu huo baadhi ya mechi zilichezwa kwa mpira wa Kookaburra, ambao mshono wake hulala mapema, badala ya Dukes waliouzoea Waingereza. Mpira usiomsaidia mrushaji juu ya pichi isiyo na uhai hukupa 820. Rekebisha mpira na pichi.

Imani hii kwamba sare ni kupoteza muda ina madhara. Mwaka huo huo wa 2025 kaunti 18 zilibishana kama zipunguze mechi za kila timu kwa msimu kutoka 14. Hoja ya kupunguza haikupita, na nilishukuru. Itarudi, kwa sababu wanaosukuma ratiba husikia kila siku kwamba hakuna anayetaka siku nne. Nasi huku tunaitikia.

Mashabiki wa Afrika Mashariki hawana sababu ya kuitikia. Juni 2024, kwenye Kombe la Dunia la ova 20, Frank Nsubuga wa Uganda, mwenye miaka 43, alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio 4 tu. Tulishangilia mipira ambayo hakuna kilichotokea! Utamu ule wa mpigaji kufungwa mikono ndio kaunti huutoa kutwa nzima, ova 96 kwa siku, na klabu nyingi huonyesha mechi zao bure mtandaoni.

Kwa hiyo Somerset na Surrey zikikutana tena, msiangalie mikimbio peke yake. Angalieni ova ya 80, mpira mpya unapoweza kuchukuliwa, na jinsi Surrey watakavyowatumia warushaji wao wa kasi. Kuanzia siku ya tatu angalieni udongo uliochimbuliwa na viatu vya warushaji, kwa sababu hapo ndipo mpira wa kuzunguka huuma. Wakikutana Oval naipa Surrey. Wakikutana Taunton juu ya pichi kavu, naipa Somerset, jioni ya siku ya nne.