"Tumesikia" si "tumeitika": nani anaandika maneno ya wazazi?

Nianze kwa kukiri kosa. Niliandika uongo, tena katika Kifaransa kisicho na kosa hata moja la sarufi, na watoto wakafukuzwa shuleni kwa sababu yake.

Nakaa kwa mama mdogo wangu tangu nilipoanza masomo hapa Lubumbashi. Mama anauza unga sokoni. Kijana wake wa mwisho yuko mwaka wa nne katika shule ya msingi ya Serikali iliyo karibu nasi, na yeye mwenyewe ni mjumbe wa Komite ya Wazazi. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mwaka uliopita, nilimsindikiza kwenye mkutano mkuu. Katibu wa komite alikuwa mgonjwa. Direkta akauliza ni nani atakayeshika kalamu. Mama mdogo akasimama: "Mutoto yetu iko anasoma ku iniversite, atatuandikia." Watu wakageuka kuniangalia. Niliona fahari, sitaficha.

Tulikuwa watu kama sitini chini ya mwembe, wengi wao akina mama. Tulizungumza juu ya choo cha wasichana ambacho mlango wake umeanguka, kisha juu ya ukuta. Mwisho Direkta akaleta neno zito. Walimu watatu wa shule majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali, wale tunaowaita nouvelles unités. Wanafundisha kila siku, lakini mwisho wa mwezi hawapati kitu. Akaomba kila mzazi atoe franka 3.000 kwa kila mtoto, kila mwezi, kama "contribution volontaire", ndiyo kusema mchango wa hiari. Alieleza kwa Kifaransa kirefu, kisha kwa Kiswahili kifupi.

Watu walinyamaza. Halafu mzee mmoja akavua kofia, akasimama na kusema: "Baba Direkta, tumesikia. Tutaona." Wengine wakapiga makofi. Direkta akanigeukia: "Andika." Nami nikaandika hivi: "Après échange, les parents ont approuvé la proposition à l'unanimité." Yaani, baada ya mazungumzo, wazazi wote kwa sauti moja wamekubali pendekezo. Wajumbe wa komite wakatia sahihi, mama mdogo pia.

Mwezi wa kwanza watoto waliokuwa hawajalipa walirudishwa nyumbani. Kijana wa mama mdogo alikuwa kati yao. Mama akaenda kulalamika. Direkta hakumtukana, alimwonyesha tu PV, yenye mwandiko wangu na sahihi yake. Aliporudi aliniuliza: "Uliandika nini?" Nikamtafsiria. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Siye tulisema tumesikia. Nani aliitika?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Ni swali la somo letu. Katika Kiswahili chetu, kusikia ni kitenzi kipana. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Tukimuuliza mtu "Unasikia Kifaransa?", tunataka kujua kama anakielewa. Tukisema "Mtoto huyu hasikii", maana yake hatii. Kwa hiyo mtu mwenye haraka anaweza kuchukua "tumesikia" na kuisogeza hadi "tumetii". Lakini kukubali kuna neno lake, nalo ni kuitika. Mwanamume akipeleka posa, hakuna anayepanga siku ya arusi kwa sababu wazazi wa binti wamesema "tumesikia". Wote wanangoja waitike. "Tutaona" nayo ni njia ya heshima ya kutosema "hapana" mbele ya mkubwa. Mzee yule asingeweza kumkatalia Direkta hadharani, mbele ya watoto wake. Alitumia maneno ambayo kila mtu chini ya mwembe aliyaelewa, mimi pia. Nilielewa kwa sikio, lakini mkono wangu ukaandika kitu kingine, kwa sababu Kifaransa cha PV nilichofundishwa kina vyumba viwili tu: wamekubali au wamekataa. Jibu la mzee halikuwa na chumba, nikalisukuma katika kile alichokipenda mwenye kiti.

Wengine watasema hili ni jambo dogo la mtaa mmoja. Sidhani. Katika shule zetu, Komite ya Wazazi, COPA, huchaguliwa ili iseme kwa niaba ya wazazi, na katika Baraza la Uongozi, COGES, mkuu wa shule, walimu na wajumbe wa wazazi hukaa pamoja kuangalia feza na mahitaji ya shule. Ni mahali pa karibu kabisa ambapo mama anayeuza unga anaweza kukutana na dola na kuiambia neno. Karatasi inayotoka hapo ndiyo inayopanda juu, kwa wakaguzi na ofisi za elimu. Maneno ya mama yakipotea katika karatasi hiyo, hayataonekana mahali pengine.

Tena jambo lenyewe lilikuwa zito kisheria. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za Serikali. Tulingoja hadi mwaka wa shule 2019-2020 ndipo Serikali ikaanza kutekeleza neno hilo nchini kote. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakibeba walimu mgongoni tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati mishahara ya Serikali ilipogeuka kuwa si kitu, na "prime" ya wazazi ikawa ndiyo mshahara. Leo shule ya msingi ya Serikali haiwezi kumfukuza mtoto kwa sababu ya prime. Lakini ikiwa na karatasi inayosema wazazi wenyewe wameamua, tena wote, hiari inageuka kuwa deni. Mlango huo ulifunguliwa kwa sentensi yangu.

Sitaki kumgeuza Direkta kuwa mwizi. Walimu wale watatu wapo, nawajua, na mmoja wao alikuwa akitembea kwa miguu saa nzima kila asubuhi kuja kufundisha. Kuwasaidia ni jambo la haki. Ninachosema ni kwamba wazazi walistahili kuulizwa kwa lugha ambayo wanaweza kukubali kwayo, kukataa kwayo, na hasa kupatana bei kwayo. Huenda wangesema franka 1.000. Huenda wangesema mwenye uwezo atoe, na mjane aachwe. Hatukuwapa nafasi.

Najua maswali yatakayoulizwa katika koridori zetu. La kwanza: Kifaransa ndicho lugha rasmi, na ofisi zinataka PV ya Kifaransa. Ni kweli. Lakini kifungu cha 1 cha Katiba hiyohiyo kinataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, na kinaipa Serikali kazi ya kuzikuza bila ubaguzi. Hakuna haja ya kuchagua. Iandikwe PV ya Kiswahili kwanza, isomwe kwa sauti, irekebishwe, wazazi watie sahihi hiyo. Kisha ile ya Kifaransa ifuate kama tafsiri kwa ajili ya ofisi. Leo tunafanya kinyume: wazazi wanatia sahihi tafsiri, na asili haikuandikwa popote.

La pili, ambalo walimu wetu wanalipenda: Kiswahili gani? Kile bora cha vitabu au hiki cha Lubumbashi? Jibu langu ni la kazi. Ni Kiswahili ambacho mama mdogo, akisomewa, anaweza kuinua mkono na kusema, "Hapana, hatukusema hivyo." Tukiandika kwa usanifu unaomnyima mkono huo, tutakuwa tumetengeneza Kifaransa cha pili. Na tusiseme Kiswahili cha mji huu hakiwezi kukaa kwenye karatasi. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji iliyoandikwa na André Yav, Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Kichwa ni cha Kifaransa, lakini maneno ndani ni ya Kiswahili cha hapahapa. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990, na watafiti wanaisoma hadi leo. Ikiwa wapishi na maboi waliweza kuandika historia ya mji mzima katika lugha hii, sisi wenye shahada tunashindwaje kuandika mkutano wa saa mbili juu ya choo?

La tatu ni gumu zaidi, nami nalikubali nusu. Mkubwa anayetaka kulazimisha watu anaweza kuwalazimisha kwa Kiswahili pia. Ndiyo. Lugha haitamwondoa mkubwa kwenye kiti. Lakini uongo wa Kiswahili ukisomwa mbele ya watu sitini una mashahidi sitini. Wangu wa Kifaransa ulikuwa na shahidi mmoja, mimi, naye alinyamaza.

Kwa hiyo naomba kitivo chetu mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa lugha za Kiafrika wapewe nafasi, kama sehemu ya mazoezi, kuwa makatibu wa kusaidia komite za wazazi katika mitaa wanamokaa. Pili, tutayarishe orodha fupi ya maneno ya mkutano: agenda, bajeti, mweka hazina, pingamizi, kuahirisha, na hasa ngazi za jibu, yaani tumesikia, tutaona, tunaitika, tunakataa, kila moja na namna ya kuiandika kwa Kifaransa bila kuiua. "Les parents ont pris acte et réservent leur réponse" ni sentensi halali kabisa. Ningeijua siku ile, au ningethubutu kuiandika, mambo yangekuwa mengine. Tatu, anayefundisha tafsiri aweke PV karibu na mashairi na riwaya. Kosa katika shairi huharibu shairi. Kosa katika PV linamtoa mtoto darasani.

Nilirudi shuleni mwezi wa pili pamoja na mama mdogo. Niliomba ruhusa, nikasoma PV yangu kwa Kiswahili mbele ya wazazi, kisha nikasema nilikosea. Mzee wa kofia alicheka, akaniita "Mwalimu", na hakuwa ananisifu. Mjadala ulichukua saa mbili, na safari hii watu walisema. Waliitika kwamba mwenye uwezo atatoa, kwamba mweka hazina atasoma hesabu kila mwezi kwa Kiswahili, na kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Direkta aliitika pia, kwa neno hilohilo. Feza zinazoingia ni kidogo kuliko alivyotaka. Mwalimu mmoja kati ya wale watatu ameacha kazi, na mlango wa choo bado haujawekwa.

Sisemi Kiswahili kilijenga choo. Nasema kwamba sasa, karatasi ikiletwa, mama mdogo anajua kilichoandikwa juu ya jina lake.